Sura ya Saba: Maji ya Mtumba

Kilongawima iko Mbezi Beach, upande wa bahari wa Barabara ya Bagamoyo, ndani ya Manispaa ya Kinondoni. Huko ndiko DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, ilikojenga, kwa fedha za mkopo kutoka Benki ya Dunia, mtambo wa kusafisha majitaka wenye uwezo wa lita milioni 16 kwa siku, unaolishwa na mtandao wa mabomba ya kilomita 101. Wanaopanda daladala za Tegeta kila asubuhi hupita karibu nao bila kujua kama upo, jambo ambalo kwa mtambo wa aina hiyo ni sifa njema.

Lita milioni 16 ni tarakimu inayoteleza kichwani, basi tuihesabu kwa maboza. Boza la lita 10,000 ni lile linaloingia kwa taabu kwenye vichochoro vya Goba na Kivule pale mgao unapobana. Mtambo wa Kilongawima ukifanya kazi kwa uwezo wake wote, kila siku ya Mungu utatoa maboza 1,600 ya maji yaliyokwisha safishwa. Hayanyweki, lakini hayanuki, na yanaweza kufanya kazi nyingi ambazo leo tunazifanya kwa maji ya kunywa. Sura hii ina swali moja: nani atayanunua?

Nimeanza na mnunuzi kwa makusudi. Mazungumzo mengi juu ya kurejeleza maji huanzia kwenye mashine, chujio, pampu na picha za Singapore. Mashine zipo na zinajulikana, na kwa nchi yenye jua kama letu sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha majitaka hufanywa na jua lenyewe bure. Dar es Salaam inapungukiwa na mambo mawili ya kawaida kabisa, yaani namna ya kuyakusanya majitaka yenyewe, na mtu wa kulipia kinachotoka upande wa pili. Fedha ya umma ikiwekwa kabla ya hayo mawili kujibiwa, tutapata mtambo mzuri unaomwaga maji mazuri baharini.

Tuangalie kwanza fedha hiyo imekuwa ikielekea wapi. Kwa miaka yote jiji hili limekuwa likitazama Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulijengwa 1959. Ruvu Chini ukafuata 1976. Baada ya kupanuliwa, wa kwanza una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na wa pili lita milioni 270, jumla lita milioni 466. Mtambo wa Mtoni, Temeke, una lita milioni 9 tu. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa ukiwa na watu 5,383,728, na Temeke peke yake ikiwa na zaidi ya 1,300,000.

Oktoba mwaka huohuo, mvua zikiwa zimekataa, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Amos Makalla, alitangaza kwamba uzalishaji wa Ruvu umeshuka kutoka lita milioni 466 hadi lita milioni 300 kwa siku, na mgao ukaanza rasmi. Waliokuwa Dar wakati huo wanakumbuka bei ya dumu ilivyopanda. Visima virefu vya Kigamboni viliharakishwa kuingizwa kwenye mtandao, na Novemba 2022 ukasainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, litakalohifadhi lita bilioni 190 na kuushushia Mto Ruvu maji wakati wa kiangazi. Bwawa hilo limezungumzwa kwa miongo mingi, na sina ugomvi nalo. Jiji la watu zaidi ya milioni tano haliwezi kutegemea huruma ya mawingu.

Lakini fanya hesabu ndogo pamoja nami. Mitambo ya Ruvu na Mtoni ikizalisha kwa uwezo wote, ni kama lita milioni 475 kwa siku. Toa zaidi ya theluthi moja inayopotea njiani kwa mabomba kupasuka na wizi, utabaki na kama milioni 310 zinazofika majumbani. Wahandisi wa majitaka hukadiria kuwa asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ndani ya nyumba hutoka tena kupitia choo, bafu na sinki. Hiyo ni takriban lita milioni 250 kila siku, bila kuhesabu maji ya visima, ambayo katika jiji hili ni mengi. Kwa mwaka yanakuwa lita bilioni 91, karibu nusu ya ujazo wa Kidunda. Na haya hayasubiri mvua. Masika au kiangazi, watu wataoga. Tumekwisha kuyasukuma kutoka mtoni hadi Mbagala, tumekwisha kuyalipia umeme na dawa, kisha tunayatumia mara moja na kuyaacha yapotee ardhini.

Yanapotea ardhini kwa sababu mtandao wa majitaka haujaifikia sehemu kubwa ya jiji. Ni kama kaya moja tu katika kumi iliyounganishwa na bomba la majitaka, na nyingi ya hizo ziko katikati ya jiji na kwenye maeneo machache yaliyopangwa zamani. Waliobaki wana mashimo. Masaki na Mbezi shimo huitwa chemba na lina mfuniko wa zege. Ukifika Mbagala, Keko au Tandale, shimo mara nyingi limejengwa kwa matofali yaliyoachiwa matundu au kwa matairi, na maji yake huelekea kulekule anakovuta jirani mwenye kisima. Baada ya ukame wa 1997 visima vilichimbwa kwa wingi Temeke na Kinondoni. Miaka iliyofuata wenye visima karibu na bahari walianza kulalamika chumvi. Wa bara kidogo hawalalamiki, kwa sababu kilichomo kwenye maji yao hakina ladha.

Shimo likijaa, mwenye nyumba ana njia mbili. Ya kwanza ni kuita gari la majitaka, kama linaweza kuingia mtaani na kama ana fedha. Kutoka Mbagala au Chamazi gari hilo hupambana na foleni ya Kilwa Road, likamwage kwenye mabwawa, na gharama ya dizeli na muda wote huo inamwangukia aliyeliita. Njia ya pili ni kutapisha. Anaitwa kijana, anachimba shimo jingine pembeni, anavunja ukuta wa choo na kulihamishia humo tope. Au husubiriwa mvua kubwa, usiku choo kikafunguliwa, na mto ukabeba. Kila mtaa unalijua hilo, serikali ya mtaa inalijua, na kila mtu anakasirika jirani anapofanya. Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu uliokuja kusambaa karibu nchi nzima ulianzia Kinondoni. Ulidumu miaka zaidi ya miwili.

Kwa hiyo, mtu anaposema Dar es Salaam irejeleze maji, namuuliza: yapi? Huwezi kusafisha kilichokwisha zama ardhini Yombo. Uwekezaji wa kwanza katika maji ya mara ya pili, kwa vitongoji kama hivi, ni uwekezaji katika kuyakusanya. Ama mabomba, kama Mbezi Beach, penye viwanja vilivyopimwa na wenye nyumba wanaoweza kulipia kuunganishwa. Ama, pale ambapo nyumba zimebanana hadi bomba halina pa kupita, vituo vidogo vya kupokea na kusafisha tope karibu na watu, ili gari au hata toroli la pampu lifanye safari fupi. DAWASA ilijenga kituo cha namna hii Toangoma, Temeke. Kabla ya hapo shirika la BORDA la Ujerumani lilikuwa limeonesha mfano kwa mitambo midogo ya mtaani Kigamboni na Mlalakuwa. Mitambo hii haina umbo la kupigia picha. Hakuna waziri anayeng'ang'ania kukata utepe mbele ya tope, na nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwa michache.

Wapo watakaosema wakazi wa Dar hawatakubali kugusa maji yaliyopitia chooni. Mbona wanayala kila siku? Bonde la Msimbazi, kuanzia Vingunguti hadi Jangwani, lina vitalu vya mchicha, matembele na kisamvu vinavyomwagiliwa na mto ambao mabwawa ya majitaka ya Vingunguti humwagia humo, pamoja na viwanda na vyoo vya kutapishwa. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya kupima mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakieleza metali nzito walizozikuta ndani yake. Mara kwa mara hutolewa amri ya kupiga marufuku bustani hizo, askari wa jiji wakang'oa, na baada ya wiki chache mchicha ukachipua tena. Dada anayeuza fungu sokoni Buguruni hajui limetoka wapi, na mteja haulizi kwa sababu bei ni nzuri. Kurejeleza majitaka tunakokuzungumzia kama ndoto ya baadaye kumekuwepo hapa kwa miongo mingi, bila kipimo na bila mtu wa kuwajibika.

Kuna mji wa Tanzania unaofanya hivyo kwa utaratibu ulio bora zaidi. Moshi, majitaka ya mji huteremka kwa mteremko wa asili hadi kwenye mabwawa ya Mabogini, na maji yanayotoka huko hutumiwa na wakulima wa mpunga wa nyanda za chini. Mpunga ni chaguo la busara. Mchele haupelekwi mdomoni mbichi, unapikwa, na maganda yake yameshaondolewa. Katika kazi hiyo wamo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kundi la akina Mbwette, Katima, Kayombo na Njau, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakifanyia kazi mabwawa na vitalu vya matete vinavyochuja majitaka. Vitalu vyao vilijengwa sehemu mbalimbali za nchi, Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa, kikiwemo. Ni utaalamu wa nyumbani, umechapishwa hadi mwongozo wa usanifu, na sioni sababu ya kuuacha kwenye makabati ya Mlimani huku tukiagiza washauri.

Mabwawa yenyewe hufanya kazi kwa namna rahisi kueleza. La kwanza lina kina kirefu na halina hewa ndani, na humo uchafu mzito hutuama na kuoza. La pili lina kina kifupi, juu yake huota mwani wa kijani unaotoa oksijeni, na bakteria hula kilichobaki. La tatu lina kina kifupi zaidi, jua linapenya hadi chini na kuua vijidudu. Mayai ya minyoo, adui mkubwa wa mkulima anayefanya kazi peku, huzama yenyewe maji yakipewa siku za kutosha. Siri yote iko kwenye siku hizo. Bwawa lisipotolewa tope kwa miaka, nafasi ya maji hupungua, maji hupita haraka kabla ya kuiva, na kinachotoka hakina tofauti kubwa na kilichoingia. Hapo ndipo bajeti za umma hukwama. Serikali, na hata wafadhili, hutoa fedha ya kujenga kwa urahisi kuliko fedha ya kuzoa tope mwaka wa nane.

Suala la najisi si dogo katika jiji lenye misikiti kila mtaa, na wahandisi hukosea wanapolipita kwa tabasamu. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililijadili na kuamua kwamba maji yaliyonajisika, yakisafishwa mpaka isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, hurudi kuwa tohara na yanafaa kutawadhia. Kuhusu kunywa, walishauri watu wajiepushe kwa ajili ya afya. Majirani zao nao wanayatumia maji hayo. Mswahili mwenye ndugu Muscat amewahi kuona picha za barabara zenye maua na miti katikati ya jangwa la Oman, na kijani kile kinamwagiliwa kwa majitaka yaliyosafishwa. Wala hakuna anayedai tunywe. Windhoek, Namibia, wanachanganya majitaka yaliyosafishwa kwenye maji ya kunywa tangu 1968, lakini wao hawana mto wa maana karibu na wana maabara isiyolala. Sisi bado tunapoteza theluthi ya maji safi njiani. Kwa Dar, kunywa kusiwe hata kwenye ajenda.

Jiji hili halina aibu ya kitu kilichotumika. Suruali ya mtumba kutoka Karume hufuliwa, hupigwa pasi na kuvaliwa kwenye usaili wa kazi. Kinachomfanya mtu anunue mtumba ni mambo mawili, bei iwe chini ya dukani na kasoro ionekane kwa macho. Maji yaliyorejelezwa yatauzika kwa masharti hayohayo. Bei iwe chini ya ile ya kisima cha boza, na ubora upimwe na kubandikwa mahali mnunuzi anapouona. Kiwango cha Tanzania cha majitaka, TZS 860 cha 2005, kinataka uchafu unaokula oksijeni usizidi miligramu 30 kwa lita kabla maji hayajamwagwa. Kiwango hicho kinaulinda mto. Mkulima anahitaji kuambiwa pia juu ya mayai ya minyoo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza tangu 1989 yasizidi moja kwa lita, na mjenzi anahitaji kujua chumvi iliyomo.

Sasa wanunuzi. Wapo, na hawako mbali. Wafyatua tofali wa Boko, Bunju na Chanika humwagilia tofali zao kwa siku kadhaa ili zikomae. Wauza miche na maua wamejipanga kando ya barabara kubwa za Kinondoni kwa kilomita nyingi, na wote wanamwagilia asubuhi na jioni. Lugalo kuna mabwawa ya majitaka, na kuna uwanja wa gofu. Temeke kuna Uwanja wa Benjamin Mkapa na viwanda vya Chang'ombe na Barabara ya Nyerere, ambavyo vinahitaji maji ya kupozea mashine zaidi ya maji ya kunywa. Na mkubwa kuliko wote ni mkandarasi wa barabara. Udongo haushindiliki bila maji, na vumbi la njia ya mchepuko halitulii bila boza. Mitaa inayojengwa lami kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, imezunguka halmashauri zote za mkoa, na kila mkandarasi anatafuta maji.

Nasisitiza mnunuzi kwa sababu ya fedha. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilifanya jambo ambalo mamlaka nyingine za maji nchini hazikuwa zimelifanya. Iliuza hatifungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12 kwa wananchi na taasisi, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na maombi yakavuka kiwango kilichotafutwa. Mwalimu na mfuko wa pensheni wanaweza kuikopesha mamlaka ya maji. Lakini riba ya asilimia 13.5 haisubiri hotuba. Anayekopa kwa njia hiyo kujenga mtambo wa kurejeleza maji Kinondoni lazima aoneshe mkataba wa mtu atakayenunua maji hayo kila mwezi. Bila mkataba, deni litahamia kwenye ankara za majisafi za watu wa Mbagala, ambao hawajawahi kuona bomba la majitaka. Hilo litakuwa dhuluma, tena ya kisheria kabisa.

Upande wa kukusanya tope ni tofauti, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kila kitu kijilipe. Kituo kama cha Toangoma hakitajilipa kwa mbolea na gesi, na hakipaswi kulazimishwa. Faida yake ni kipindupindu ambacho hakikutokea, na hiyo haina ankara. Hospitali ndiyo inayookoa fedha, basi Hazina ndiyo ilipie. Ruzuku ielekezwe kwenye safari ya gari la majitaka kutoka mitaa iliyobanana, mpaka kuita gari kuwe nafuu kuliko kumwita kijana wa kutapisha. Mtambo wa kusafisha zaidi, pampu na bomba la kupeleka maji kwa mnunuzi, hivyo ndivyo vijilipe.

Hatua ya kwanza haihitaji mkopo wala mshauri. Inahitaji kifungu kimoja ndani ya mikataba ambayo serikali yenyewe inaisaini. Wakala za barabara, TARURA na TANROADS, na halmashauri za Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni na Jiji la Dar es Salaam (Ilala) ziandike kwamba mkandarasi anayejenga karibu na mtambo wa majitaka anunue hapo maji ya kushindilia na kutuliza vumbi, yakishapimwa, na asichote maji ya kunywa wala kunyonya kisima cha mtaa. DAWASA iweke bomba la kujazia maboza getini Kilongawima, na mita, na ubao wa vipimo vya wiki. Wewe unayesoma, kama una diwani unayemfahamu, muulize mkataba wa barabara ya mtaa wenu unasema nini juu ya maji.